Mpaka Tufike Kwenye Baridi

Habari ya safari yetu ya maji moto aliisimulia kwanza bibi yangu mzaa baba, Bibi Kristina, siku tulipoanua matanga ya mdogo wangu Oswadi, mbele ya watu waliokaa kwenye mikeka na magogo uani kwetu, Mollo. Nilipokuwa mtoto niliisikia akiisimulia mara tatu. Mara zote tatu maneno yalikuwa yale yale, na mara zote tatu palikuwa na jambo moja ndani yake ambalo halikuwa kweli. Bibi alilijua. Mimi nililijua. Kwa miaka mingi nilidhani tulikuwa wawili tu.

Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za ukoo wetu. Nina daftari la jalada gumu ambamo nimeandika nani alizaliwa na nani, alibatizwa wapi, akazikwa wapi. Nilimaliza kidato cha nne, na kwetu hiyo ilitosha kunipa kazi hiyo. Sipendi kuandika jambo ambalo sikulihakikisha. Nimewahi kupanda basi mpaka Namanyere kumuuliza shangazi mmoja jina la mtoto aliyeishi siku mbili tu, ili nisiache nafasi wazi. Lakini ukurasa wa Oswadi ulikuwa na mstari mmoja, wa siku aliyokufa. Leo naujaza.

Oswadi alikuwa na miaka sita, mimi tisa. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na Oswadi ndiye mtoto wa kiume pekee aliyemwacha. Alikuwa mtoto wa kuchekesha. Aliweza kumwiga katekista wetu, jinsi alivyokohoa mara mbili na kuvuta suruali juu kabla ya kuanza sala, hata Mama akalazimika kuficha uso kwenye kitenge. Ugonjwa wake ulianza kama mafua na koo. Baadaye likavimba goti la kulia, likapona. Likavimba la kushoto, likapona. Kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Viungo vile vilikuwa vya moto ukivigusa. Halafu ikaja pumzi. Ilipofika Juni hakuweza kutoka mlangoni hadi jikoni bila kukaa chini katikati ya njia, na alipokaa alituangalia kana kwamba sisi ndio tuliomkalisha.

Mama alimpeleka zahanati, na kutoka hapo hospitali mjini. Alilazwa wiki mbili, akachomwa sindano, akapata nafuu, akarudi akiwa na mashavu. Mwezi haukuisha, hali ikarudi. Safari ya pili daktari alimweleza Mama kwa upole kwamba moyo wa mtoto umeharibika, na kwamba iko hospitali kubwa, mbali, wanakoweza kujaribu. Mama alirudi naye mgongoni. Akamlaza, akatoka nje, akaenda kukaa katikati ya matuta ya maharage. Nilimfuata. Nilimkuta aking'oa majani, akiyatazama, halafu akiyapanda tena pale pale alipoyang'oa. Alifanya hivyo mpaka jua likashuka. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kuliko mikono ile.

Jioni ile Bibi alimjia jikoni.

"Mama Fausta," alisema, "yako maji."

Mama hakuuliza maji gani. Watu wote wa kwetu waliyajua. Chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotenganisha uwanda wetu wa baridi na bonde la Rukwa, pana mahali ambapo maji hutoka ardhini yakichemka. Wazee walisema maji yale yana mwenyewe. Hawakumtaja jina. Wagonjwa wa viungo walipelekwa huko tangu zamani, na wengine walirudi wakitembea.

"Padri atasemaje?" Mama aliuliza.

"Padri hajazaa."

Wote wawili walikuwa wanawake wa rozari kila jioni. Bibi aliinua mikono, akasema kwamba Mungu aliyeumba maji ya baridi ndiye aliyeumba na ya moto. Kisha akatueleza masharti, mimi nikiwa nimekaa karibu na mafiga, na akahakikisha nimesikia.

Kwanza, mgonjwa na wanaomsindikiza huoga kwenye kijito cha baridi kabla ya kugusa maji moto, bila sabuni. Pili, hakuna kugombana pale. Tatu, na hili alilirudia mara nyingi, mkishatoka kwenye maji hamsalimii mtu. Hamsalimii na hamwitikii anayewasalimu, mpaka mfike juu, kwenye baridi. Salamu ni kumpa mtu uzima, alisema Bibi. Unapomwambia mwenzako kwamba mmeamka salama, usalama huo umeutoa mfukoni mwako. Siku nyingine unao wa kutosha. Lakini anayetoka kwenye maji amepewa fungu la kupimwa, la mgonjwa wake tu, na njiani anaweza kulitoa lote kwa neno moja. Kwa hiyo watu wanaotoka huko hushika unyasi mmoja midomoni. Ukikutana na mtu ana unyasi midomoni, unampisha, unanyamaza, unajua.

"Umesikia, Fausta?"

"Nimesikia, Bibi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka tufike kwenye baridi."

Asiyetoka kwetu anaweza kuliona sharti hili kuwa jepesi. Kwetu mtoto hufundishwa salamu kabla hajajifunza kujifunga vifungo. Mtoto wa kike akikutana na mtu mzima njiani huchuchumaa, hupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjika kidogo, huangalia chini, husalimia, na husubiri aulizwe hali ya nyumbani, ya watoto, ya shamba. Nilikuwa nimechapwa mara moja tu maishani mwangu hadi siku hiyo, na aliyenichapa ni Bibi huyo huyo, kwa sababu nilimpita mzee wa jirani nikikimbiza mbuzi na sikumsalimia.

Tulitoka nyumbani alfajiri ya siku ya kipupwe. Kwenye mabonde ya kuelekea barabarani umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mweupe kama mtu amepita akimwaga unga. Oswadi, mgongoni kwa Mama, alitoa mkono nje ya blanketi, akagusa jani, akalamba kidole. "Halina chumvi," alisema.

Tulipata lori la mfanyabiashara wa mjini lililokuwa likishuka bondeni kuchukua samaki wakavu. Juu ya lori walikuwepo wanawake watatu wachuuzi, wenye matenga matupu na midomo mikali. Mmoja alimwuliza Bibi tunakokwenda, na Bibi, ambaye hakujua kudanganya kwa mambo madogo, akamwambia.

"Ala! Mnampeleka mtoto kuchemshwa?"

"Wewe ulichemshwa utotoni," Bibi akamjibu, "mbona hukuiva?"

Wanawake walicheka mpaka dereva akagonga bati la mlango wake akiuliza kuna nini. Baadaye yule mchuuzi alivua kitenge chake cha pili, akamfunika Oswadi kichwa dhidi ya vumbi, na hakukidai mpaka tuliposhuka. Nakumbuka lori lilivyoinama kwenye kona za mteremko, na joto lilivyotupanda kutoka miguuni, kana kwamba tulikuwa tukishushwa ndani ya chungu. Tulivua masweta moja baada ya jingine. Tulilala kwa mwanamke mmoja aliyefahamiana na Bibi, na usiku huo huo tukamuaga kabisa, ili asubuhi tusidaiwe salamu yoyote.

Maji yenyewe nilidhani yatakuwa makubwa. Kilikuwa kijito chembamba kilichotoka kwenye mawe ya rangi ya kutu, na mvuke juu yake, na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Chini kidogo, mahali kinapokutana na kijito cha baridi, watu walikuwa wamepanga mawe yakawa kama karai. Hapo mtu aliweza kuingia bila kuungua. Hapakuwa na mtu mwingine. Tuliacha nguo zetu juu ya kichaka, tukaoga kwanza kwenye ya baridi, Bibi akiwa wa kwanza, mgongo wake mwembamba nikiuona kwa mara ya kwanza. Kisha Mama akaingia kwenye karai lile na Oswadi kifuani.

Alilia mwanzoni. Halafu akanyamaza. Halafu akalegea, kichwa kwenye bega la Mama, nikaogopa. Bibi alikuwa akimmwagia maji magotini kwa kata ya kibuyu, na midomo yake ikitembea, sijui kwa Baba Yetu au kwa maneno mengine. Tulikaa mpaka vidole vyangu vikakunjamana.

"Mama," Oswadi akasema ghafla, "nimekuwa kiazi."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba afe. Alimsimamisha juu ya jiwe ili amkaushe, na alipomwachia ili ashike kitenge, Oswadi alibaki amesimama. Akasogeza mguu. Akasogeza mwingine. Alitembea hatua saba juu ya mchanga ule wenye joto, nilizihesabu, akamfikia Bibi, akakohoa mara mbili, akavuta juu suruali ambayo hakuwa ameivaa, akasema, "Tusali."

Nimeandika hatua saba kwenye daftari. Hilo nina hakika nalo.

Hatukusubiri lori. Kwenye lori kuna watu, na watu husalimiana. Bibi alichuma nyasi nne ndefu, akatuwekea kila mmoja midomoni, hata Oswadi, akatuashiria njia ya miguu inayopanda ukuta wa milima. Mama alitangulia akiwa amembeba, Bibi akafuata, mimi nikawa wa mwisho na mzigo wa sufuria na blanketi. Bibi alikuwa na umri ambao watu hawapandi milima. Alipanda akishika magoti yake kwa mikono, goti baada ya goti, na hakusimama.

Tulikutana na watu mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wanaume wawili wenye mashoka. Waliona nyasi, wakaingia porini, wakageuza nyuso. Mara ya pili alikuwa mama mwenye mtoto, naye akafanya hivyo hivyo. Nilijisikia mtu mkubwa.

Lakini jua lilipanda, na sikuwa nimekula tangu jana yake. Unyasi ule ulikuwa na utamu kidogo sehemu ya chini, kama ya bua la mahindi. Niliutafuna. Niliutafuna kidogo kidogo bila kufikiri, kama mtoto anavyotafuna kamba ya sweta, mpaka ukaisha. Nilijua umeisha. Nikasema moyoni kwamba nitachuma mwingine pale juu penye kivuli.

Kabla ya kivuli, mzee mmoja alikuwa akishuka. Alikuwa mrefu, na koti refu la zamani, na fimbo, na kila baada ya hatua chache alisimama kukohoa. Alimwona Mama, akasimama kando. Alimwona Bibi, akatazama chini. Kisha nikafika mimi. Aliangalia midomo yangu, haikuwa na kitu. Akabaki ameniangalia, kwa namna ambayo mtu mzima humsubiri mtoto.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningependa kuandika kwamba nilisahau sharti. Sikusahau. Nililikumbuka vizuri kabisa, na wakati nalikumbuka magoti yangu yalikuwa yameshakunjika. Sufuria iligonga jiwe. Mikono yangu ikapiga makofi yenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Wote salama?"

"Wote salama, babu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Haya. Asante, mwanangu," alisema.

Akanipita. Nilisikia fimbo yake kwenye mawe, tik, tik, kwa muda mrefu, na sikusikia akikohoa tena. Labda alikohoa mbali. Labda sikusikiliza vizuri. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyesimama pale na sufuria yake alijua alichokisikia.

Nilipoinua macho, Bibi alikuwa amegeuka. Alikuwa hatua kumi juu yangu, unyasi wake midomoni, mikono magotini. Mama alikuwa mbele zaidi, mgongo wake na blanketi la Oswadi vikiendelea kupanda. Bibi alishuka zile hatua kumi. Alikuwa amezipanda kwa taabu, akazishuka. Akachuma unyasi, akaniwekea midomoni, akanibana taya kwa vidole viwili kuufunga mdomo wangu. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

Saa moja baadaye, pengine zaidi, kichwa cha Oswadi kilianguka pembeni. Mama alisimama, akamsogeza, akaendelea. Kikaanguka tena. Nilikiona nikiwa nyuma, kikitikisika kwa kila hatua, na unyasi wake haukuwepo tena. Nilianza kulia kwa pua, maana mdomo ulikuwa umefungwa.

Tulifika juu kabla jua halijazama. Upepo wa uwanda ulitupiga usoni, ule wa baridi, wenye harufu ya mavuno ya ulezi. Tuliutema unyasi. Mama alimshusha Oswadi chini ya mwamba, akamwita jina, na akafungua macho.

"Tumefika kwenye baridi?" akauliza.

"Tumefika, baba," Mama akasema. Alimwita baba kwa sababu alikuwa na jina la Baba.

Alifariki siku ya tano, nyumbani, asubuhi, Mama akiwa amekwenda kuchota maji na mimi nikiwa nimemshikia kikombe cha uji. Alivuta pumzi kana kwamba anataka kusema jambo refu.

Siku ya kuanua matanga, watu walipokuwa wamekwisha kula, Mama alisimama katikati ya uwanja. Hakuwa analia. Alimwuliza Bibi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kisu kiko wapi.

"Mama. Tulikosea wapi? Alitembea. Nilimwona kwa macho yangu akitembea. Nani aliyesalimia?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wasichana wenzangu. Nilihisi mkojo ukinitoka. Nilifungua mdomo, na Bibi, ambaye alikuwa upande wa pili wa uwanja, aliniangalia mara moja tu, akainuka.

"Mimi," alisema. Na hapo ndipo aliposimulia mara ya kwanza: jinsi tulivyoshuka, mawe ya rangi ya kutu, hatua saba, nyasi nne, mzee mwenye koti na fimbo. "Nilikuwa wa mwisho. Nilichoka. Aliniangalia, nikamsalimia. Umri umenidanganya."

Mama alimtazama mama mkwe wake kwa muda, kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Kuanzia kesho yake Mama hakumsalimia Bibi tena. Hakumfukuza, kwani nyumba ilikuwa ya Bibi. Hakumnyima chakula. Alipika ugali wa ulezi kila siku, akaupakua, akanipa mimi nimpelekee. Alimfulia, na Bibi alipougua alimwogesha na kumgeuza kitandani. Lakini alipomkuta asubuhi uani, alimpita kama mtu anavyopita kando ya mti. Wageni waliona aibu. Bibi alikaa mlangoni pake kila alfajiri, mikono mapajani, akisubiri, maana mkwe ndiye aanzaye. Alisubiri hivyo miaka kumi na mmoja. Kwetu sisi sijui adhabu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mara mbili nilimwendea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mara ya kwanza.

"Bibi, niache nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Mama yako ameshamzika mtoto mmoja," alisema. "Nenda kasome."

Mara ya pili nilikuwa nimemaliza shule. Alinisimulia tu tena ile habari, tangu lori mpaka mwamba, na alipofika kwa yule mzee alijiweka yeye pale kwenye njia, akichuchumaa, akipiga makofi, kwa makini, kama mtu anayenikaririsha. Nilielewa kwamba alitaka niijue vizuri ili nisije nikakosea mbele za watu. Alifariki akiwa ameshika rozari. Mama ndiye aliyemfumba macho. Hata hapo hakumsalimia.

Baadaye, nikiwa mtu mzima, nesi mmoja aliyekuwa akiniuguza alinieleza ugonjwa ule: koo, viungo, kisha moyo. Alisema mtoto mwenye moyo wa namna ile, ukimpandisha mlima kwenye jua kali baada ya maji moto, hata mgongoni, anaweza asifike mbali. Nilimsikiliza. Naamini alichosema. Lakini tangu siku ile nikipanda kilima chochote midomo yangu hujifunga yenyewe, na mtu akinisalimia njiani mimi huchelewa kuitika, na wapo wanaosema Fausta ana majivuno.

Kilichonifanya niandike ni simu. Mwanangu Aloisi, aliyepata nafasi ya mafunzo ya kilimo Japani, alinitumia picha mwezi wa kwanza mwaka huu. Wenyeji wake walikuwa wamemtembeza kwenye mji mdogo wa milimani. Niliiangalia picha nikiwa nyumbani kwangu, Izia, nikipepeta maharage, nikauacha ungo. Nyumba za mbao, mapaa yamebeba theluji nene kama godoro, na katikati ya mji, kwenye mawe, mvuke ukipanda. Weupe juu, moshi chini. Nilihisi ile harufu ya kiberiti.

Akanitumia na sauti. "Shikamoo, mama. Hapa ardhi inatoa maji yanayochemka, mama, na nje ni barafu tupu! Unajisugua kwanza mpaka utakate, ndipo uingie. Hawapigi kelele kabisa. Nimetoka kama kiazi."

Niliisikiliza mara kadhaa. Hakuwahi kuambiwa habari ya kiazi. Kisha nikamwandikia, nikamwuliza jambo moja: wakitoka kwenye maji, wanasalimiana?

Alinijibu kwa sauti, akicheka. "Sana, mama! Tangu mlangoni. Wanainama hivi, mpaka chini. Wanaotoka wanawainamia wanaoingia, bibi wa kwenye kaunta anatuinamia wote. Nimeinama mpaka kiuno kinauma. Kwa nini?"

Nilikaa na simu mapajani. Watu wanatoka kwenye maji ya uponyaji, wanagawa salamu kwa kila wanayemkuta, wanaingia kwenye baridi wakiwa wekundu na wazima, wanarudi kwa watoto wao. Labda maji ya kule yana mwenyewe mkarimu zaidi. Labda hayana mwenyewe. Sikuweza kuamua, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba haikuwa lazima niamue ndipo niseme ukweli.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mollo kwa Mama. Ana umri mkubwa sasa, anaona vizuri mbali kuliko karibu. Nilimwekea simu mbele ya uso.

"Huo mweupe ni unga?"

"Ni theluji, mama. Kama ule umande wetu ulioganda, ila mwingi."

"Na huo moshi?"

"Ni maji moto."

Alinirudishia simu. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoandika: unyasi niliotafuna, koti, fimbo, maneno ya yule mzee na yangu, moja moja. Sikulia mpaka nilipofika kwenye "wote salama".

Mama hakugeuka. Alikuwa akitazama kilima cha mbali.

"Nilikuwa mbele, Fausta," alisema. "Sikuwa kiziwi."

Sikuelewa.

"Nilisikia makofi. Nilisikia shikamoo. Sauti ya mtoto na sauti ya mwanamke mzee hazifanani. Naijua sauti yako tangu siku uliyotoka tumboni."

"Sasa mbona uliuliza? Mbona ulimwacha Bibi...?"

"Niliuliza kwa sababu nilitaka mtu aseme. Aliposema yeye, nilimshukuru. Nilikuwa na hasira ya kuua, mwanangu. Ilikuwa lazima nimpe mtu. Ningekupa wewe, ningebaki na nani?"

"Yeye alijua kwamba unajua?"

"Tulikaa nyumba moja miaka kumi na mmoja. Unadhani nini?"

Niliuona tena mlango ule wa alfajiri, Bibi na mikono yake mapajani, na Mama akipita na ndoo. Kumbe walikuwa wanaubeba mzigo huo wawili, mmoja huku na mwingine kule, na mzigo wenyewe ulikuwa mimi.

Mama aliomba fimbo yake. Kaburi la Bibi liko nyuma ya nyumba, karibu na lile dogo, palipo na miti michache. Tulichukua muda mrefu kufika. Pale mbele alinipa fimbo, akashika mkono wangu, akaanza kushuka. Magoti yake hayakunji tena vizuri. Nilimwambia, "Mama, msalimie hivyo hivyo umesimama." Akakataa kwa kichwa. Alishuka kidogo kidogo, mimi nikimshikilia kwapani, mpaka akachuchumaa. Akakunja viganja. Akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo, mama."

Tulisubiri, kama inavyotakiwa. Upepo ulikuwa wa baridi. Nilimwinua.

Nimeyaandika haya yote kwenye ukurasa wa Oswadi, na nimemsomea Mama, naye amesema ndivyo yalivyokuwa. Kati ya watu waliokuwepo kwenye njia ile, Oswadi alifariki siku ya tano. Bibi Kristina alifariki, na nimeeleza jinsi alivyoishi. Yule mzee wa koti sikupata kulijua jina lake. Alikuwa mzee hata wakati ule, na sitegemei kwamba bado yupo, ingawa sijalihakikisha. Mama yu hai. Mimi pia.